HF, baifloraidi, fosforiki au oksaliki: ununue ipi ya kung'arisha alumini, kutoa kutu na kutia ukungu kwenye kioo

Swali hili linaulizwa sana na watu wa kawoshi, mafundi alumini, watu wa vioo na wale wanaosafisha pevingi na kuta za mawe: kuna dawa ya rimu ambayo unapuliza, unasubiri kidogo tu, unamwagia maji na rimu inatoka kama ya dukani, bei yake sio mbaya, je niichukue au nibaki na hii yangu ya kusugua na brashi mpaka mkono uume? Jibu langu ni usiichukue, na wengi wenu mngeweza kuishia hapa, ila ukimwambia mtu kitu ni hatari tu bila kueleza anakujibu hata petroli ni hatari na mbona tunaishi nayo, kwa hiyo acha nieleze.

Dawa inayofanya kazi kwa kasi ya namna hiyo mara nyingi ndani yake kuna floraidi. Ama ni asidi haidrofloriki yenyewe, ambayo wengi wanaiita HF, ama ni amoniamu baifloraidi, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja. Upande wa pili kuna zisizo na floraidi: asidi fosforiki, asidi oksaliki na asidi sitriki. Hizi tano ndo nalinganisha hapa, na haidrokloriki ile ya kusafishia sinki la choo nitaigusa tu maana kila mtu anaijua na kila mtu anadhani asidi zote zinafanana na hiyo, na hapo ndo tatizo linapoanzia.

HF imetofautiana wapi na asidi zingine

Kwenye kemia HF inahesabiwa kuwa asidi dhaifu, na watu wengi wanapigwa chenga hapo hapo. Dhaifu maana yake ni kwamba ikiwa ndani ya maji molekuli zake nyingi zinabaki nzima, hazigawanyiki kuwa ioni, yaani vipande vyenye chaji ya umeme, na molekuli nzima isiyo na chaji inapita kwenye ngozi kirahisi. Haidrokloriki ni kali kweli lakini inaunguza kuanzia juu, unasikia moto hapo hapo, unaruka unakimbilia bomba. HF inapenya kimya kimya inashuka mpaka kwenye nyama na mfupa, na ikifika huko floraidi inaanza kukamata kalsiamu na magneziamu za mwili. Sasa kalsiamu sio ya mifupa peke yake, moyo unaitumia kupiga, misuli inaitumia kukaza, na ikishuka kwenye damu mapigo yanavurugika, kwa hiyo mtu anaweza kufa na kidonda ambacho ukikitazama kwa macho unaona ni cha kupaka dawa na kwenda nyumbani.

Kuna kisa kimoja watu wa usalama kazini wanakitaja sana. Mwaka 1994 huko Perth, Australia, fundi wa maabara alijimwagia HF ya asilimia 70 kwenye mapaja, inakadiriwa kati ya mililita 100 na 230, yaani haifiki glasi moja ya maji. Alikuwa amevaa glavu ila miguu haikuwa na kinga. Sehemu iliyoungua ilikuwa kama asilimia 9 tu ya mwili. Alijimwagia maji, akajitosa kwenye bwawa la kuogelea, akapelekwa hospitali, akakatwa mguu, na baada ya siku 15 akafariki. Pale kazini hapakuwa na jeli ya kalsiamu glukoneti, ile inayopakwa kwenye ngozi iliyoguswa na HF. Nitarudi kwenye hii jeli maana kwangu ndo inaamua kama una haki ya kununua hii kitu au huna.

Utasema hiyo ni asilimia 70, ya kwenye rimu ni asilimia chache. Ni kweli, ila huo udogo una ubaya wake. HF ikiwa zaidi ya asilimia 50 maumivu yanakuja hapo hapo, ikiwa kati ya 20 na 50 yanaweza kuchelewa saa moja mpaka nane, na ikiwa chini ya 20 yanaweza kuchelewa mpaka saa 24. Sasa chukua kijana wa kawoshi, amepuliza rimu mchana kutwa na glavu yenye tundu, jioni amepokea chake amekula amelala, saa nane usiku anaamka vidole vinapwita chini ya kucha maumivu yasiyoelezeka, anatazama mkono hauna kitu, labda wekundu kidogo. Anafika zahanati anapewa dawa ya maumivu. Hakuna anayeuliza jana ulishika nini na yeye mwenyewe haunganishi.

Na wala sio hadithi ya kutishana. Jimbo la Washington kule Marekani walipitia madai ya fidia ya wafanyakazi wa 2001 mpaka 2013 wakakuta kesi 48 za kuungua na HF kwa watu wa kuosha magari na malori, saba walilazwa hospitali, wawili wakafanyiwa upasuaji, na kuna mfanyakazi wa kuosha malori aliyekufa kwa kuinywa. Hiyo ni sehemu ambako kuna lebo, kuna mkaguzi, na kuna mtu wa kuandika ripoti. Huku kwetu dawa inamiminwa kutoka dumu kubwa kwenda kwenye chupa ya maji ya kunywa, hiyo chupa haina hata jina, na inakaa chini ya benchi karibu na chai.

Baifloraidi, ile inayouzwa kwa jina la "haina HF"

Amoniamu baifloraidi ni chembechembe nyeupe au vibapa, ukiiona unaweza kudhani chumvi. Kwa kuihifadhi na kuisafirisha nakubali ina nafuu kuliko HF, maana ikiwa kavu haitoi mvuke wa kutisha na dumu likianguka unazoa, humkimbii. Kuna wauzaji wanaishikilia nafuu hiyo wanaandika kwenye lebo kwamba bidhaa yao haina HF, na kwenye karatasi hawajasema uongo, walichoweka kweli ni baifloraidi. Ila ikiingia kwenye maji tu sehemu yake inakuwa HF, na ukiichanganya na asidi nyingine kali, kama wanavyofanya wengine ili rimu ing'ae haraka, unatengeneza HF zaidi hapo hapo ndani ya ndoo yako. Ngozi haisomi lebo. Maumivu yanachelewa vile vile, kalsiamu inashikwa vile vile, na matibabu ni yale yale.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kati ya HF na baifloraidi ipi salama, namwambia kwenye stoo ni baifloraidi, kwenye mkono wako hesabu ni zile zile. Nyumbani kwenye watoto naiogopa hata zaidi kwa sababu ya huo mwonekano wa chumvi. Marekani ilibidi mwaka 1998 waweke sheria kwamba bidhaa za nyumbani zenye floraidi kuanzia kiasi fulani zifungwe kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na dawa za rimu na za kutoa kutu zilikuwa kati ya zilizolengwa hasa.

Nifafanue kitu kabla mtu hajauliza: floraidi ya dawa ya meno ni kidogo sana na haipo kwenye umbo hili, na ile ya kwenye maji ya Arusha na bonde la ufa inayofanya meno kuwa ya kahawia ni suala la kunywa kidogo kidogo miaka mingi, ndo maana WHO wakaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ni floraidi zote lakini usizipime kwa ratili moja.

Zisizo na floraidi, kazi kwa kazi

Hapa kosa la wengi ni kutafuta asidi moja ya kazi zote. HF inapendwa kwa sababu inakula kutu, inakula oksidi ya alumini, inakula uchafu wenye mchanga, inakula kioo, inakula karibu kila kitu, ndo maana hata chupa ya kioo haiwezi kuibeba inabidi ikae kwenye plastiki ya polietilini. Ukiiacha lazima ukubali kuchagua kulingana na kazi.

Kutu kwenye chuma, nati, spana, geti, fremu ya baiskeli: fosforiki. Inaigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, inaacha tabaka jeusi la kijivujivu ambalo rangi inashika vizuri, kwa hiyo kwa fundi wa kuchomelea na kupaka rangi hii sio mbadala wa kulazimisha, ni bora kuliko HF kabisa. Inaunguza ngozi ikiwa nzito na macho usicheze nayo, vaa glavu na miwani, ila ikikumwagikia unaoga maji mengi na unajua hapo hapo kwamba umeungua, hakuna mshtuko wa usiku wa manane. Ubaya wake ni kwamba inachelewa, na maji yake ya kusuuzia yana fosfeti ambayo ikiingia ziwani au mtoni inalisha magugu na mwani, kwa hiyo kama kawoshi yako iko ukingoni mwa ziwa Victoria hebu tafuta namna ya kuyakusanya.

Madoa ya kutu kwenye tailzi, granaiti, zege na mbao: oksaliki. Kwa hii kazi sioni kwa nini mtu aguse HF. Inauzwa kama unga, unaikoroga kwenye maji ya moto ya wastani, gramu 50 mpaka 100 kwa lita zinatosha, unaipaka unaiacha unasugua unasuuza. Wanaosafisha mawe ya kwatsi yaliyoshika kutu wanaijua vizuri, wanaloweka siku kadhaa kwa subira. Kwenye mawe ya chokaa na marumaru halisi usiitumie maana inakula ung'aro na inaacha ukungu mweupe. Na usiidharau kwa sababu nimeisifia: ni sumu ukiila, inaharibu figo, na kama floraidi nayo inapenda kalsiamu, tofauti kubwa ni kwamba haipenyi ngozi isiyo na jeraha kwa kasi kama HF. Vumbi lake linachoma pua, koroga ukiwa upande upepo unakotokea.

Kutu nyepesi na ukoko mweupe wa maji kwenye birika, bomba, boila: sitriki, ile ya unga wanayonunua watengeneza jemu na juisi. Inakwenda polepole, unaloweka usiku kucha, haina hadithi nyingi. Macho linda.

Kung'arisha alumini, yaani rimu, matanki ya maziwa, bodi za malori: hapa ndo ugomvi ulipo na siwezi kukudanganya, hakuna isiyo na floraidi inayoshindana na HF kwa kasi. Fosforiki pamoja na sabuni nzuri inasogea, unaipuliza kwenye alumini iliyopoa na kuloweshwa maji kwanza, unapitisha brashi, unasuuza kabla haijakauka. Kwa rimu iliyooza sana ni polishi na mashine, kazi ya mikono. Unapoteza muda, nakubali. Ila jua pia kwamba HF haing'arishi alumini, inaimenya, ndo maana rimu iliyopulizwa mara nyingi inaishia kuwa na weupe wa majivu ambao haurudi tena, na ikidondokea kioo cha gari kinapata ukungu, halafu mteja anakuja na maswali. Nimeona wenye malori wakilipa vioo viwili kwa ajili ya kuokoa nusu saa.

Saruji iliyogandia kwenye tailzi mpya: hapo haidrokloriki iliyozimuliwa sana au fosforiki, HF haihusiki. Kama fundi wako anakuja na dumu lisilo na jina kwa kazi ya saruji muulize ni nini kabla hajalifungua, na kama hajui mwambie arudi nalo.

Kioo cha ukungu

Hii nimeitenga kwa sababu asidi za kawaida hazigusi kioo, ni floraidi peke yake, kwa hiyo ulinganisho sio wa asidi kwa asidi. Unazo njia nne: HF ya maji, krimu ya kuchora kioo, kupiga mchanga, au stika ya ukungu.

HF ya maji kwa karakana ya mtaani ni hapana, sina la kuongeza. Krimu nyingi zina baifloraidi za amoniamu au sodiamu, ni nzito kwa hiyo hairuki ovyo na unatumia kiasi kidogo, kwa mtu anayeweka nembo kwenye glasi za harusi mara moja moja ni chaguo linaloeleweka, ila glavu nzuri, dirisha wazi, na jeli ya kalsiamu pembeni bado vinahitajika, maana ni ile ile nimeizungumzia juu. Kupiga mchanga kunatoa kazi nzuri na ya kudumu kwenye vioo vikubwa, hatari yake ni nyingine: ukitumia mchanga wa kawaida ule wa silika, vumbi lake linaharibu mapafu na haliponi, kwa hiyo tumia garneti au oksidi ya aluminiamu, ndani ya kabati lililofungwa. Stika ndo ya bei rahisi, haina sumu, inabandikwa na maji ya sabuni, na kwa dirisha la bafu au mlango wa ofisi mteja hatofautishi akiwa mbali. Itabanduka pembe baada ya miaka, utabandika nyingine. Kwa kazi nyingi za mtaani mimi ningeanza na stika, nikifika kwenye oda kubwa natafuta mwenye mashine ya kupiga mchanga nampa tenda.

Bei

Dumu la dawa yenye floraidi linaweza kuonekana rahisi ukilipima kwa idadi ya rimu. Lakini weka mezani na vinavyotakiwa kwenda nalo: glavu nzito za neopreni au butaili (zile nyembamba za hospitali hapana, zinapitisha), aproni, gambuti, miwani ya kufunga pamoja na ngao ya uso, bomba la maji lenye presha muda wote, jeli ya kalsiamu isiyopitwa na tarehe, na mtu wa pili kazini maana hii kazi haifanywi peke yako. Ukishajumlisha hivyo ndo ulinganishe na fosforiki na brashi. Wengi wanaoniambia HF ni rahisi hawana hata kimoja kwenye hiyo orodha, kwa hiyo urahisi wanaousema ni kwamba gharama imebebwa na kijana anayepuliza.

Hata viwanda vikubwa wanavutana nayo

Kwa wanaodhani haya ni ya mafundi wasio na elimu: viwanda vya kusafisha mafuta Marekani vinatumia HF kutengeneza sehemu ya petroli ya oktani ya juu, na wenzao wengine wanafanya kazi ile ile na asidi salfuriki. Salfuriki inahitajika nyingi zaidi na kuirudisha upya ni gharama, ila ikivuja inamwagika chini inabaki kimiminika. HF isiyo na maji inachemka kwenye nyuzi 19.5 tu, kwa hiyo ikivuja kwenye presha inakuwa wingu zito linalotambaa chini kwa chini kwenda kwa majirani. Mwaka 1987 huko Texas City kreni iliangusha mzigo juu ya tanki la HF la kampuni ya mafuta ya Marathon, maelfu ya watu wakahamishwa. Juni 2019 kiwanda cha Philadelphia kililipuka, kipande cha bomba kilichofungwa miaka ya sabini kilikuwa kimeliwa mpaka kubaki chembamba kama karatasi, ikatoka HF zaidi ya tani 2, bahati hakufa mtu, na kiwanda kikafungwa moja kwa moja. Gumi, Korea Kusini, Septemba 2012 hawakuwa na bahati hiyo: karibu tani 8 zilivuja wakati wa kupakua, watu 5 wakafa, maelfu wakatibiwa, mazao yakakauka mashambani. Wale ni watu wenye mainjinia na vipimo vya kunusa gesi.

Ukilazimika

Kuna kazi halali ambazo HF haina mbadala mzuri, maabara za kupima madini, utengenezaji wa chipu za kompyuta, mafundi wa meno wanaokwaruza kauri kabla ya kugandisha. Kama uko huko sharti la kwanza ni jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 ipo, imekaguliwa, na kila mtu anajua ilipo. Kama haipo, dumu lisifunguliwe. Ukiikosa dukani ongea na mfamasia, anaweza kuitengeneza kwa sindano ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 ambayo hospitali nyingi wanayo, mililita 10 kwa mililita 30 za jeli ya kulainishia ile ya maji, ikoroge basi.

Ikimgusa mtu: vua nguo zote zilizolowa hapo hapo, aibu iwekwe kando, huku maji yanamwagika. Kama jeli ipo, suuza dakika 5 kisha anza kupaka na kusugua taratibu ukiwa na glavu, rudia rudia, maana jeli inatoa kalsiamu ya kuishika floraidi kabla haijashuka chini zaidi. Kama jeli haipo, endelea na maji mengi huku usafiri wa hospitali unatafutwa. Ikiwa ni vidole, jeli ijazwe ndani ya glavu na mkono uingie humo. Usimpe dawa ya ganzi, kwa sababu kupungua kwa maumivu ndo kipimo kwamba kalsiamu inafanya kazi. Jicho ni maji tu bila kukoma na hospitali, hiyo jeli sio ya macho. Akiwa ameivuta, mpeleke kwenye hewa safi kisha hospitali hata kama anasema yuko poa. Na huko hospitali usiseme "ameungua na asidi", sema HF au floraidi, peleka lebo au picha yake, waambie wapime kalsiamu na waangalie moyo kwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Hayo maneno yanaweza kubadilisha matibabu yote.

Ikimwagika chini usikimbilie mchanga. Najua ndo mazoea yetu kwa kila kilichomwagika, lakini mchanga ni silika na HF inaila ikitoa gesi nyingine ya sumu. Chokaa ndo yenyewe, inaifanya kalsiamu floraidi ambayo haiyeyuki kirahisi. Magadi yanaua uasidi lakini floraidi inabaki kwenye maji.

Kusoma dumu

Majina ya biashara hayasaidii, "aluminium braitena", "dawa ya rimu", "rasti rimuva", yoyote inaweza kuwa chochote. Omba karatasi ya usalama, ile SDS, angalia namba ya CAS, ambayo kila kemikali ina yake popote duniani. HF ni 7664-39-3. Baifloraidi ya amoniamu ni 1341-49-7. Oksaliki ni 144-62-7. Fosforiki ni 7664-38-2, na hapo tulia usome tarakimu moja moja maana ukilinganisha na ya HF zimeachana kidogo sana mwishoni, mtu wa haraka anapita nayo. Kwenye usafirishaji HF ya maji ina namba ya mizigo ya hatari UN1790 na baifloraidi kavu UN1727. Tanzania kemikali za viwandani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya 2003, na muuzaji aliyesajiliwa hashtuki ukimwomba karatasi. Anayeshtuka, au anayekwambia hii haina shida tumeitumia miaka, mwache na dumu lake.

Na kama tayari unalo dumu stoo na umeamua kuhama, usilimwage kwenye mtaro wala chooni, usimpe jirani, na usijaribu kulizima mwenyewe kwa chokaa ikiwa ni nzito kwa sababu inachemka na kurusha. Lifunge, liandike jina kwa herufi kubwa pande zote, lisimame mbali na kioo, chuma na watoto, halafu ongea na ofisi ya Mkemia Mkuu ya kanda yako au yule aliyekuuzia alichukue.